Aliyeandika Maneno Madogo

Kwa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa, Kishindo alitoka kuuokoa mji, na kila Ijumaa maneno aliyonguruma yaliandikwa na mwanamke mmoja ambaye hakumpenda hata chembe.

Kishindo, kwa waliozaliwa juzi, alikuwa shujaa wa jarida la katuni. Mchana alikuwa fundi saa mpole, mwenye miwani na kikohozi kisichoisha. Akisikia mtu analilia msaada alikanyaga chini mara tatu, akarefuka hadi akafikia paa, joho jekundu likamwota mgongoni, kisha akatokeza kwenye ukuta wa jirani. Mlango hakuujua. Wezi wakiiba redio moja, yeye aliangusha nyumba tatu akiwafukuza, halafu akasimama juu ya kifusi, mikono kiunoni, akatamka jambo kuhusu haki. Watu walimpenda kupita kiasi. Watoto walivunjika mikono wakimwiga, na wazazi waliwapeleka kufungwa plasta huku jarida lenyewe wamelikunja kwapani, maana nao walikuwa hawajamaliza kusoma.

Waliomtengeneza walikuwa watatu. Mtunzi alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na hadithi zake alizitunga kama anayewaonya wanafunzi waliochelewa kengele. Mchoraji alikuwa mtanashati wa suruali zilizopigwa pasi, aliyeamini kwamba jarida zima ni michoro yake na mengine ni makombo. Wa tatu alikuwa yeye, aliyechukuliwa na kiwanda cha uchapaji kwa ajili ya mwandiko wake tu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za ajira. Midomoni mwa watu alikuwa Bi Herufi. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ndani ya viputo, yale mawingu meupe yanayowatoka vinywani watu wa katuni. Kwa Kishindo alitumia kalamu ya ncha nene, herufi kubwa, kila moja imesimama kama askari. Kwa wengine wote, kalamu nyembamba.

Hao wengine wote ndio walioleta mambo. Mtunzi hakujisumbua na maneno ya watu wadogo. Pembeni mwa ukurasa aliandika tu: "Umati, kelele." Mwanzoni Bi Herufi alitii, akaandika "Aaa!" na "Ooo!" na "Mungu wangu!" hadi mkono ukachoka, na akili ikachoka kuliko mkono. Kisha ikaja wiki ambayo Mchoraji, ili kujaza pembe iliyobaki wazi, alichora mwanamke dirishani ameshika beseni, anatazama ukuta wa nyumba yake ukianguka. Kiputo chake kilikuwa kidogo kama ukucha. Bi Herufi alikitazama, akawaza ya nyumbani kwake, akaandika: "Na huu atakuja kuujenga nani?"

Hakuna aliyeona. Mtunzi alipitia viputo vya Kishindo peke yake, kwa sauti, macho yamefumba nusu kwa utamu. Mhariri wa siku hizo aliangalia kama kurasa zimetimia. Jarida likatoka. Wiki iliyofuata mkono wa Mchoraji, uliokwisha kuzoea, ukamchora tena mwanamke yule, na Bi Herufi akampa tena neno. Ikawa ndiyo desturi yao, ingawa hawakuwahi kuizungumza.

Maneno hayakuwa ya kutafuta mbali. Bi Herufi alikuwa ameolewa na fundi bomba, na fundi bomba yule alikuwa mtu wa watu. Mtaani hapakuwa na nyumba ambayo hakuiokoa. Ukimwita wakati anakula, aliacha tonge sahanini. Ukimwita anapovaa viatu, alikuja na kimoja. Majirani walimwambia Bi Herufi amepata malaika, naye alijibu asanteni, kisha akaingia jikoni kwake, ambako bomba lilivuja kwa miaka minne. Chini ya bomba liliwekwa beseni. Mume alipitia pale kila siku, akalitazama bomba kwa huruma ya kweli, akasema, "Hili nalo lina siku yake," na kabla hajainama mtu alikuwa ameshapiga hodi mlangoni.

Kwa hiyo Kishindo aliponguruma juu ya kifusi kwamba uovu hauna makao, mwanamke wa dirishani alisema, kwa kalamu nyembamba: "Hata mimi sina, tangu ulipopita hapa." Alipookoa benki, alisema: "Wa nje wanaletewa shujaa, wa ndani tunaletewa nguo za kufua." Bi Herufi aliyaandika, akakausha wino, akaenda nyumbani amepumua. Mumewe hakusoma katuni. Hakuwa na nafasi.

Mambo yana mwisho. Jarida lilifungwa, watu wakageukia simu. Mtunzi alifariki, na miaka saba iliyopita fundi bomba naye akafariki, mtaa mzima ukamsindikiza, watu wengine wakasimama juu ya kuta ili waone. Bi Herufi alihamia kwa bintiye wa pekee, mpima macho, mwenye kliniki ya vyumba viwili. Hapo alipata kazi ya kuandika majina ya wagonjwa kwenye mifuko ya miwani. Hata lile bango la herufi ukutani, zinazoanza kubwa na kuishia ndogo kama mchanga, alilichora yeye. Mstari wa mwisho hakuna aliyewahi kuusoma akapatia, na jambo hilo lilimpa furaha ya siri.

Simu ilipigwa asubuhi moja. Shirika la vitabu lililorithi karatasi za kiwanda lilikuwa na mhariri mpya, msichana mwepesi wa maneno, aliyetaka kujua kama Kishindo bado anaweza kuwavuta wasomaji wa leo kabla hawajaamua kumchapisha upya. Alikuwa amewagawia watu thelathini matoleo ya zamani wayasome kwa wiki mbili. Sasa wangekutana Jumamosi watoe maoni. Mchoraji ndiye mgeni rasmi. Na Mama naye, kama ana nafasi, anakaribishwa, kwa kuwa alisaidia upande wa herufi.

"Alisaidia," Bi Herufi alirudia baada ya kukata simu.

Bintiye alicheka, akasema atampeleka mwenyewe. Alitaka kumwona Kishindo wa utoto wake akipewa heshima yake.

Mkutano ulikuwa ghorofani, kwenye chumba cha viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikilalamika. Mchoraji alikaa mbele, koti limemkaa bado, nywele nyeupe amezilaza kwa mafuta. Bi Herufi akapewa kiti pembeni yake. Bintiye alikaa nyuma, mstari wa pili.

Wasomaji walianza kwa adabu, kama watu waliokaribishwa chai. Mmoja alisifu michoro. Wa pili alisifu karatasi. Kisha mwanafunzi wa chuo akasimama akasema samahani, lakini huyu bwana anavunja kuliko wezi. Kondakta mmoja akaongeza kwamba kila toleo anafika mambo yakiwa yameshaharibika, na akishafika anahutubia. Mtu wa namna hiyo yeye anamjua, ndiye bosi wake. Debe tupu, mwingine akasema, na chumba kikacheka. Tabasamu la Mchoraji lilianza kukauka kama rangi.

Ndipo muuguzi mmoja, aliyetoka zamu na bado amevaa sare, alipoinua mkono.

"Mimi Kishindo alinichosha toleo la pili," alisema. "Nimesoma yote kwa ajili ya yule mama mwenye beseni. Yule namjua. Yule ni mimi."

Chumba kikaamka. Kumbe kila mtu alikuwa na mama wa beseni wake. Kondakta alikumbuka maneno yake matano kwa kichwa. Mwanafunzi alikuwa ameyapiga picha na kuwatumia wenzake, na wenzake walikuwa wakijibizana kwayo bila kujua yametoka wapi. Mhariri, macho yanamng'aa, aliomba wapige kura kwa kunyoosha mikono: nani angenunua kitabu cha Kishindo? Mikono minne. Cha Mama Beseni? Iliyobaki yote, na wa Mchoraji mwenyewe nusura uinuke.

"Basi tuambie, mzee wetu," mhariri alisema. "Huyu Mama Beseni ulimtoa wapi?"

Mchoraji alikohoa. Alisema msanii hafichui jiko lake. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akalifichua lote: jinsi alivyowachunguza akina mama wa mji kwa miaka mingi, jinsi alivyosikia kilio chao, jinsi alivyomficha mwanamke yule pembeni makusudi, ili aje agunduliwe na kizazi chenye akili. Watu wakampigia makofi.

Bi Herufi aliyasikiliza makofi hayo mikono yake ikiwa mapajani. Angesema ni yeye, swali la pili lingekuwa: na wewe uliyatoa wapi? Nyuma yake, viti viwili tu, alikaa mtoto wa fundi bomba, aliyembeba babake moyoni kama picha kwenye fremu. Akameza neno lake, likashuka chungu.

Kabla ya kuagana, mhariri aliwagawia wote karatasi yenye mchoro wa zamani uliofutwa maneno: Kishindo ametokeza ukutani, Mama Beseni yuko dirishani, kiputo chake kitupu. Anayeweza kumpa neno ajaribu, alisema, maana watahitaji mwandishi wa kumwendeleza. Majibu yatumwe kwa simu.

Bi Herufi alisema hatajaribu, na jioni ileile akajaribu. Alitumia simu yake, akajiita Msomaji. Alikaa na kile kiputo siku tatu. Kila neno lililomjia lilimjia na sura ya marehemu, viatu vimelowa, uso umechoka, na kila mara alilifuta. Mwisho alimfanya Mama Beseni aseme: "Karibu, shujaa wetu. Pole na kazi." Akatuma.

Jibu lilikuja Alhamisi. Mhariri alimshukuru Msomaji kwa kushiriki. Maneno yake yalikuwa mazuri na ya heshima, ila kwa bahati mbaya Mama Beseni hazungumzi hivyo. Alimshauri amsome zaidi ili aizoee sauti yake.

Bi Herufi aliusoma ujumbe huo amesimama, kisha ameketi, kisha akauweka uso wa simu chini. Kukataliwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba yule msichana alikuwa amesema kweli. Mwanamke aliyesema pole na kazi hakuwahi kukaa kwenye dirisha lile.

Siku mbili baadaye, saa ya mchana, wagonjwa walipokuwa wamekwisha, bintiye alimwita chumba cha ndani. Mezani alikuwa ametandaza matoleo aliyopewa kule mkutanoni, na mkononi ameshika lenzi ya kukuzia, ileile ya kukagulia miwani. Alikuwa akisoma pembe za kurasa.

"Mama, njoo unisomee hapa," alisema. "Macho yako yanaujua mwandiko huu."

Bi Herufi hakuhitaji lenzi. Kiputo kilisema: "Shujaa, ukimaliza benki pita na huku. Bomba bado linavuja."

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Mchoraji hakuwahi kufika nyumbani kwetu," binti alisema.

"Hakuwahi."

"Basi bomba letu alilijuaje?"

Bi Herufi alianza kueleza, na maelezo yakamtoka yamepinda. Alisema ilikuwa kazi tu. Alisema baba alikuwa mtu mwema, asije akamfikiria vingine, kwamba hayo yalikuwa maneno ya hasira ya mchana na jioni yalikwisha. Alisema hakutaka ajue.

Bintiye aliiweka lenzi mezani polepole.

"Mama, lile beseni lilikuwa linamwagwa na nani kila asubuhi kabla ya shule?" aliuliza. "Unadhani mimi nilikuwa siyaoni hayo? Nilikuwa namwaga maji yale huku naimba. Nilimpenda baba, na bomba lilikuwa linavuja. Sikujua kama inatakiwa nichague."

Bi Herufi alivuta kiti. Alikuwa na miaka sitini na minane, na kwa miaka mingi alikuwa amemkinga mtoto asinyeshewe na mvua ambayo mtoto alishaicheza. Aliona haya, kisha akaona ahueni, kisha kidogo akaona hasira, maana angejua mapema angelala vizuri zaidi. Bintiye alikwisha kufungua toleo jingine. Alisoma, akacheka hadi akavua miwani kufuta machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Jumatatu Bi Herufi alivaa gauni lake la kazi la zamani akaenda kwa mhariri. Alisema habari yake yote kwa sentensi nne. Mhariri alimsikiliza kwa upole ule wanaopewa wazee wanaodhaniwa kuchanganya mambo, akauliza kama kuna chochote cha kuthibitisha. Hapakuwa na chochote. Viputo havikuwahi kuwekewa sahihi.

"Nipe karatasi ile yenye kiputo kitupu," Bi Herufi alisema, "na kalamu nyembamba, kama mnazo bado."

Walimpatia ya kuwekea alama. Mkono ulitetemeka, herufi ya kwanza ikaegemea ya pili. Aliandika: "Mnauliza kama bado anapendwa. Mwulizeni kwanza kama anajua nyumba hii ina mlango."

Mhariri alisoma. Akasoma tena, safari hii midomo ikicheza. Akainuka akafunga mlango wa ofisi, ingawa hapakuwa na mtu nje.

"Na ule ujumbe wa Msomaji mliokataa Alhamisi ulikuwa wangu pia," Bi Herufi alisema. "Mlifanya vizuri."

Mchoraji aliitwa. Bi Herufi alijiandaa kwa vita, maana mtu aliyekwisha kupigiwa makofi hayarudishi kirahisi. Mzee aliingia, akaambiwa, akalinyoosha koti lake.

"Nilidhani ni Mtunzi," alisema mwishowe. "Kwa kweli, Bi Herufi, nikuambie ukweli, mimi sikuwahi kusoma viputo. Miaka yote ile. Niliona vinaniharibia mchoro."

Bi Herufi ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya kitambo Mchoraji naye akacheka, kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenziwe.

Wakawekwa meza moja. Mchoraji akachora, Bi Herufi akaandika, na pale mkono ulipotetemeka sana kompyuta ilinyoosha kidogo, si sana, kwa kuwa mhariri aliona tetemeko linamfaa Mama Beseni. Kitabu kilitoka kikiwa na jina la Mama Beseni jaladani na bila Kishindo hata ukucha, kama wasomaji walivyotaka. Kilinunuliwa vizuri. Muuguzi alinunua vitatu.

Halafu zikaanza kuja barua na ujumbe. Kitabu kizuri, walisema, lakini mbona yule mama anagomba peke yake? Anamgombeza nani? Kondakta, yuleyule wa debe tupu, aliandika ukurasa mzima akitaka kujua Kishindo yuko wapi, kama anaumwa waambiwe. Mwanafunzi wa chuo aliuliza kama itawezekana avunje angalau ukuta mmoja. Mhariri alihesabu: kati ya watu thelathini wa mkutano ule, ishirini na mmoja walimtaka mtu waliyemkataa. Alizitandaza barua mezani mbele ya wazee wawili akawauliza wanaelewa nini. Mchoraji alisema yeye alijua tangu mwanzo. Bi Herufi alisema hata yeye amemkosa, na akashangaa kusikia sauti yake ikisema hivyo.

Sasa kazi ikawa ngumu. Mtunzi hayupo, na Kishindo lazima aseme kitu. Hotuba Bi Herufi hakuziweza. Alijaribu haki, alijaribu uovu, kalamu ikagoma. Siku ya tatu aliacha kumfikiria shujaa akamfikiria mtu anayeingia jikoni viatu vimelowa, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuhutubia, ila alisimama hapo akitazama sakafu. Akachukua kalamu nyembamba, ya watu wadogo, akamwandikia Kishindo neno lake la kwanza baada ya miaka mingi: "Nimechelewa."

Mchoraji alipinga. Herufi ndogo vile kwenye kifua kipana vile, alisema, zinamdhalilisha. Alitaka nene. Walivutana asubuhi nzima, na Bi Herufi hakusogea hata nukta. Mpima macho alipoletewa ukurasa ule kliniki aliusoma bila lenzi, akaukunja vizuri, akarudi kwa mgonjwa aliyekuwa akimsubiri kidevu kimewekwa kwenye mashine.

Toleo hilo, la kwanza la jarida lililofufuliwa, lilitoka Ijumaa. Baada ya wiki moja ilikuja barua ya mkono kutoka kwa karani mstaafu wa posta. Alikuwa amemsoma Kishindo tangu toleo la kwanza kabisa, aliandika, na hakutegemea kuishi hadi kumwona shujaa akiomba radhi kwa mwanamke mwenye beseni. Wamemharibu. Hatanunua tena. Bi Herufi aliusifu mwandiko wake, akamjibu kwa heshima. Toleo lililofuata karani akaandika tena, kurasa mbili, akieleza moja baada ya jingine mambo yaliyomuudhi humo ndani, pamoja na namba za kurasa. Alisema hii ndiyo mara ya mwisho. La nne lilipotoka, barua yake iliwahi kufika kuliko ya mtu mwingine yeyote.